Ofisi ya madai ya hisa za ng'ambo, Malindi: nyota tatu kati ya tano

Kazi ya ofisi hii ndogo iliyo karibu na Barabara ya Lamu ni moja: kumjazia mwekezaji fomu za fidia pale kampuni iliyo kwenye soko la hisa la nje ilipodanganya katika taarifa zake, bei ikapanda kwa uongo huo, kisha ikaporomoka ukweli ulipofichuka. Wateja ni Waitaliano waliohamia hapa na wenyeji wenye akaunti za hisa ng'ambo. Hutoi kitu mwanzo. Wao hukata asilimia ya kitakacholipwa.

Hiyo asilimia ifikirie kabla ya kutia sahihi. Kudai katika suluhu ya kesi ya pamoja Marekani (wanahisa wengi hushtaki kwa kesi moja, kampuni ikakubali kulipa) ni bure, na mawakili wa kesi hulipwa kutoka kwenye fungu lenyewe. Hapa unalipia kukusanyiwa karatasi tu. Aliyenunua mara mbili kwa broka mmoja ajijazie mwenyewe mtandaoni.

Kwa karatasi, kusema kweli, wako makini. Wanataka stetimenti ya hisa ulizokuwa nazo kipindi cha kesi kilipoanza (yaani muda ambao bei ilikuwa imepandishwa na uongo), kila ununuzi na kila uuzaji, na zilizobaki mkononi siku 90 baada ya kipindi kufungwa. Wanaandika tarehe ya biashara yenyewe, si ile pesa zilipokabidhiwa. Siku moja au mbili zikikosewa, ununuzi wako unaweza kuangukia nje ya kipindi. Majina nayo wanayajua: kitambulisho kinasema Mohamed, broka kaandika Muhammad, jina la babu lipo huku na kule halipo. Wanakuandalia mapema kiapo kwamba majina yote ni yako, kabla msimamizi wa fidia hajarudisha fomu. Mwenye hisa akiwa marehemu, hudai hati ya mirathi ya Kadhi au ya mahakama siku ya kwanza.

Nyota mbili wamezipoteza kwenye swali wasilouliza: hisa ilinunuliwa soko gani? Mwaka 2010, katika kesi ya Morrison dhidi ya National Australia Bank, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria yao ya ulaghai wa hisa inagusa hisa zilizoorodheshwa kwenye masoko ya Marekani, au biashara iliyofanyika huko. Ndiyo maana suluhu ya Petrobras, kampuni ya mafuta ya Brazil, ya 2018, dola bilioni 2.95, ilimfaa aliyenunua New York. Aliyenunua soko la São Paulo, huko huko Brazil, akabaki nje, kampuni ikiwa ile ile. Uholanzi mlango ni mpana zaidi: suluhu ya Fortis, kampuni ya benki na bima ya Ubelgiji na Uholanzi, euro bilioni 1.3, ilithibitishwa Amsterdam 2018 na kuwafikia wanahisa wa nchi nyingi. Ofisi hupokea jalada lolote, na mteja husubiri miezi kuambiwa hastahili.

Vilevile hawasemi wazi kwamba aliyeuza hisa zote kabla ukweli haujatoka kwa kawaida hapati kitu, hata kama aliuza kwa hasara.

Mwenye hisa za Nairobi peke yake asiwasumbue. Malalamiko yake ni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Omba fidia itumwe benki kwa benki. Hundi ya dola kutoka Marekani huisha muda, na kuipitisha benki za hapa kunaweza kuchukua wiki kadhaa.