Vikanyagio na pedali za pikipiki kwa safari ndefu: uanze na kipi?

Goti likikunjwa kupita kiasi kwa saa tatu litauma, hata kiti kiwe laini namna gani. Ila kabla hujatoa pesa, shika spana namba 10.

Nafasi ya kwanza tunaipa kurekebisha ulichonacho. Pedali ya gia kwenye pikipiki nyingi imebanwa kwa bolti kwenye shafti yenye meno. Tia alama ya rangi, kisha chomoa bolti yote. Kuilegeza tu hakutoshi, maana inapita kwenye mfereji wa shafti na kuizuia pedali isitoke. Sogeza jino moja, rudisha, jaribu. Ukiwa umekaa, ncha ya kiatu iingie chini ya pedali bila kukunja kifundo. Ikiwa gia yako ina rodi (fimbo ya chuma kati ya pedali na shafti), legeza nati zake mbili na kuizungusha rodi. Nati moja kwa kawaida hufungwa kinyume, kwa hiyo ikigoma jaribu upande wa pili kabla hujaila kona zake.

Kwenye breki ya nyuma ndiko wengi wanakoharibu. Breki ya ngoma iachie pedali icheze milimita 20 hadi 30 hivi kabla haijaanza kushika. Ya diski, rodi inayosukuma pistoni lazima ibaki na mchezo kidogo: ikibana muda wote, mafuta ya breki hayarudi kwenye kikopo chake, diski inapata moto na gurudumu linaweza kujifunga ukiwa mwendoni. Ukishusha pedali, rekebisha na swichi ya taa, la sivyo taa ya breki itawaka safari nzima.

Cha pili, vikanyagio (vyuma vya kuwekea miguu, si pedali) vipana, milimita 50 hadi 60, vyenye mpira juu. Mpira hupunguza mtetemo. Vile vya meno matupu vinafaa topeni lakini hula soli. Nenda dukani na kikanyagio cha zamani na pini yake, kwa sababu tofauti ya milimita moja tu inatosha kukiacha kikilegalega.

Cha tatu, breketi za kushushia vikanyagio. Goti litashukuru, ila kwenye kona utakwaruza lami mapema, na pedali zitabaki juu, kwa hiyo kazi ya kwanza inaanza upya. Kama miguu yako inafika chini vizuri, tungeongeza sentimita 2 za sponji kwenye kiti badala yake.

Vikanyagio vya mbele, vinavyofungwa kwenye vyuma vya kukinga injini, ni vya kunyoosha miguu tu barabara ikiwa wazi, maana mguu uko mbali na breki. Pima kipenyo cha bomba kabla ya kununua klampu.

Mwisho kabisa ni kuhamishia pedali zote mbele. Utahitaji rodi ndefu na mpira wa breki mrefu, kisha kutoa hewa kwenye mafuta, na uzito wote utahamia kwenye kitokono.

Chochote utakachofunga, kaza bolti zake tena baada ya kilomita 100.