Nimechomwa sindano ya mafua famasi ya mtaani Leicester, na haya ndo maswali niliyotoka nayo

Habari zenu jamani. Najua tuko wengi huku Uingereza tunaofanya kazi za kea, yaani kuhudumia wazee na wagonjwa, na kila ikifika mwezi wa kumi kwenye magrupu ya WhatsApp maswali ni yaleyale, tuchomwe tusichomwe, wapi wanachoma bure, na serikali ikisema imejiandaa na janga la mafua tuiamini au ndo yaleyale ya korona 2020. Mi nimechomwa wiki iliyopita kwenye famasi moja ndogo maeneo ya Belgrave hapa Leicester, kwaiyo naandika nilivyohudumiwa, alafu na hilo swali la mwisho nitaligusa kwa sababu kwangu mimi hayo mambo hayaachani, siwezi kuongelea sindano nikayaruka yaliyotukuta.

Famasi iko katikati ya duka la mboga na duka la vitambaa, ukipita haraka hutaiona. Sikuweka miadi, niliingia tu natoka shifti ya usiku, wakaniambia kaa dakika kumi kuna watu wawili mbele yako, na kweli zilikuwa dakika kumi. Nilionyesha beji ya kazi, maana sisi tunaohudumia wazee ambao mwajiri hana mpango wake wa kuchanja wafanyakazi tunachomwa bure. Wazee wa miaka 65 kwenda juu, wajawazito na wenye magonjwa kama kisukari nao bure. Anayelipa mwenyewe pale ni pauni 20 na ushee.

Mbele kwenye kiti cha kona amekaa mama mtu mzima, ndo mama yake mfamasia. Aliponisikia namwambia binti yake natokea Tanga akageuka, akaniuliza kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa, "Tanga wapi mwanangu? Mimi nimekulia Mombasa." Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kama vile hajawahi kuondoka pwani. Walikuja huku 1968, mwaka ule Wahindi wengi wa Kenya walipohama. Yaani uchovu wa usiku kucha uliisha palepale.

Sasa kilichonifanya niandike ni chumba cha ndani. Ni kachumba kadogo, kiti kimoja, friji fupi yenye kisaa cha joto mlangoni kinasoma 4 (chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8). Yule dada mfamasia akatoa boksi la chanjo, na kabla hajalifungua akanigeuzia nisome mwenyewe, jina, namba ya toleo, tarehe ya kuisha. Nikamuuliza, kwani dada watu wanakuulizaga tarehe? Akasema hapana, hawaniulizi, ila mi naonyesha kila mtu. Nilinyamaza kidogo pale. Kwa sababu mara ya mwisho mimi kuangalia tarehe kwenye boksi la vifaa vya kujikinga ilikuwa Machi 2020 na niliyoyaona sijayasahau mpaka leo.

Wakati ule nilikuwa kea hom nyingine (nyumba wanakotunzwa wazee), jina siliweki hapa. Serikali ilitangaza kila mtoa huduma za kea atapata barakoa 300 kutoka kwenye akiba ya taifa, ile akiba iliyowekwa kwa miaka mingi, maalum kabisa kwa ajili ya janga la mafua. Mia tatu ukisikia nyingi, ila sisi tulikuwa na wazee 40 na kitu na wafanyakazi wa shifti tatu, zile barakoa hazikumaliza wiki. Na boksi lenyewe lilikuja na stika nyeupe imebandikwa juu ya tarehe. Mwenzangu mmoja Mzimbabwe akaikwangua kwa ukucha, chini yake ikatokea stika nyingine, chini ya hiyo ndo tarehe yenyewe iliyochapwa kiwandani, 2016. Tulisimama watu wanne kwenye stoo tunaliangalia lile boksi hakuna anayesema kitu. Serikali baadae ilieleza kwamba zilipimwa upya zikaonekana bado zinafaa, na inawezekana ni kweli kabisa, mi siyo mtaalamu wa barakoa. Lakini wangeweka karatasi moja tu ndani ya boksi, zimepimwa tarehe fulani, zinafaa mpaka tarehe fulani, tungezivaa kwa moyo. Hawakuweka. Kwaiyo tulizivaa tukiwa na hofu, na mtu mwenye hofu kesho yake ukimwambia chochote hakuamini.

Alafu ndo wakaanza kutuletea wazee kutoka hospitali. Kati ya katikati ya Machi na katikati ya Aprili 2020 wagonjwa kama 25,000 walitolewa hospitali kwenda kea hom hapa England, na wengi hawakupimwa. Sisi tulipokea watatu. Sitasimulia yote, nitasema tu kwamba kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa ananisubiri kila asubuhi nimsuke nywele zake, nyeupe laini kama pamba, na mwezi wa tano kile chumba nilikisafisha mimi. Aprili 2022 Mahakama Kuu ikasema sera ile ya kuwatoa wagonjwa bila kuzingatia hatari ya walioambukizwa bila dalili ilikuwa kinyume cha sheria. Nilisoma hukumu kwenye simu niko kwenye basi, nikashuka kituo kisicho changu.

Na kinachouma zaidi ni kwamba walikuwa wamefanya mazoezi! Oktoba 2016 walifanya zoezi la siku tatu, linaitwa Cygnus, wakajifanya kama limekuja janga la mafua makali, wakakaa mawaziri na maofisa na mahospitali karibu watu 950. Ripoti ikaandika wazi kwamba maandalizi ya nchi hayatoshi kwa janga kubwa, na ikataja kabisa wasiwasi kuhusu kea hom, kwamba hospitali zikitaka kutoa wagonjwa kwenda huko uwezo upo? Hiyo ripoti wananchi hatukuonyeshwa. Ilivuja kwenye gazeti Mei 2020 wakati sisi tumeshazika, serikali yenyewe ikaitoa rasmi Oktoba. Miaka kama mitatu karatasi iko kwenye droo inayosema wazee wetu watakuwa hatarini. Mtu akiniuliza kwanini watu hawaiamini serikali ikisema "tumejiandaa", mi sina jibu jingine zaidi ya hilo, na naomba msituite wajinga wala wapinga chanjo, mi chanjo nachoma kila mwaka.

Kuna wengine wasiwasi wao unatoka upande wa pili na nao nawaelewa. Mume wangu yeye ana kumbukumbu ya 2009, ile mafua ya nguruwe. Julai 2009 ilitolewa hesabu kwamba ikiwa mbaya kabisa wanaweza kufa watu 65,000 Uingereza, ikafunguliwa huduma ya simu ya taifa unapiga unajibu maswali unapewa namba ya kuchukulia Tamiflu, dawa ya mafua. Waliokufa mwishoni walikuwa 457. Kila mmoja ana familia yake, simaanishi ni wachache, ila watu waliona wametishwa. Na ile Tamiflu serikali ilikuja kutumia pauni milioni 424 kujaza ghala, na dawa za milioni 74 zikatupwa kwa sababu hospitali hazikuandika vizuri zilihifadhiwaje. Mwaka 2014 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, wakapitia majaribio yote, yakiwemo yale ambayo kampuni ilikuwa haijayaweka wazi, wakakuta kwa mtu mzima inapunguza siku za kuumwa kutoka 7 hadi 6.3. Nusu siku na kidogo. Mume wangu akisikia neno akiba ya janga anatikisa kichwa, anasema 2009 walinunua kisichohitajika, 2020 hawakuwa na kilichohitajika, na hela ni zetu zote mbili. Nakubaliana nae nusu, kwa sababu kujiandaa lazima kuna kitakachobaki, huwezi kununua mwavuli ukalalamika mvua haikunyesha. Ninachotaka mimi ni waseme ukweli ndani ya huo mwavuli kuna nini.

Hapa Leicester tuna kidonda chetu pia. Juni 29 mwaka 2020 tulitangaziwa lokdauni peke yetu, wenzetu England nzima tarehe 4 Julai wanafungua migahawa sisi tunafungiwa tena, na meya wa jiji akawa analalamika hadharani kwamba takwimu za maambukizi za mji wake mwenyewe zimechelewa kumfikia. Hapa mtaani watu waliona wanaadhibiwa kwa sababu ni Wahindi na Waafrika na wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Weka na ile ya madaktari kumi wa kwanza kufa kwa korona nchi hii, wote walikuwa wa asili ya Asia, Afrika au Mashariki ya Kati. Hayo mtu hayatoi kichwani kwa kupewa kipeperushi.

Na wala nyumbani tusijifiche. Tanzania takwimu za korona zilisimama mwaka 2020 kwenye wagonjwa 509, mama yangu Tanga akawa ananipigia kuniuliza mimi niliye Ulaya hali ya Tanga ikoje, huku anapiga nyungu. Januari mwaka 2025 Biharamulo, WHO (Shirika la Afya Duniani) wakasema kuna Marburg, ugonjwa hatari unaofanana na Ebola, wizara ikakana, siku chache baadae Rais Samia mwenyewe akathibitisha. Ninavyoona mimi kusema kulisaidia, watu wakajua cha kufanya, Machi ikatangazwa umeisha.

Turudi kwenye kachumba. Nilimuuliza yule dada mfamasia, hii sindano itanikinga na mafua ya ndege yakianza kuambukizana watu? Akaweka sindano chini kwanza ndo akajibu. Akasema hapana. Hii ni ya mafua ya msimu, WHO wanachagua aina zake kila Februari kwa nchi za kaskazini, na janga likija litakuja na kirusi kipya ambacho hakimo humu. Akaniambia zamani ilikuwa na aina nne sasa ni tatu, kwa sababu aina moja ya kirusi cha mafua kundi B haijaonekana popote duniani tangu Machi 2020, imeondolewa. Nikamuuliza basi serikali imejiandaa? Akasema anachokijua yeye ni kwamba Desemba 2024 walitangaza kununua dozi milioni 5 za chanjo ya H5, yaani mafua ya ndege, kuweka akiba, na kwamba msimu wa vuli 2025 kulikuwa na zoezi kubwa la nchi nzima la kujiandaa na janga, linaitwa Pegasus. "Milioni tano kwa watu karibu milioni sabini," nikamwambia. Akasema ndiyo, za mwanzo hizo, nani atapewa kwanza hapa kwetu siwezi kukuahidi kitu ambacho sijaandikiwa. Alafu akanichoma, sikusikia hata, plasta ndogo, nikakaa dakika tano nje na yule mama akinisimulia kuhusu feri ya Likoni.

Jamani mnajua jibu la "siwezi kukuahidi" lilinituliza kuliko matangazo yote niliyowahi kusikia. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi wa korona, ya Jaji Heather Hallett, ilitoka Julai 2024 ikasema Uingereza ilijiandaa kwa janga lisilo sahihi, waliwaza mafua tu, na ikapendekeza mazoezi ya nchi nzima angalau kila miaka mitatu na matokeo yatolewe kwa wananchi. Kwaiyo mi nasubiri ya Pegasus, nataka nisome yote, hasa ukurasa wa kea hom, siyo muhtasari.

Mapungufu ya famasi yapo. Fomu ni ya Kiingereza tu, kulikuwa na mama mmoja Msomali ameishikilia kichwa chini miguu juu mpaka mwanae akarudi kutoka kununua maziwa. Viti viwili, ukija saa za shule kuisha unasimama. Na simu hawapokei mchana, bora uende mwenyewe asubuhi kabla ya saa tano.

Kwa kina mama Waislamu, hili niliulizia makusudi: ile ya watoto ya kupuliza puani ina jelatini ya nguruwe. Ipo ya sindano isiyo nayo, ila lazima uombe, kwenye fomu ya shule kuna sehemu ya kuandika, usiiache wazi ukaja kukasirika baadae. Dada wa famasi alinieleza bila kuona kwamba namsumbua.

Mkono uliuma siku moja na nusu, homa sikupata, kinga inachukua kama wiki mbili kujijenga kwaiyo msisubiri Desemba. Huduma nyota tano. Jumamosi nampeleka yule mwenzangu Mzimbabwe, tuko nae tena kazini, aligoma kuchomwa tangu mwaka ule wa stika. Sijamlazimisha. Nimemwambia tu kuna mahali wanakugeuzia boksi usome mwenyewe, akaniuliza, hawafichi? Nikamwambia twende ukaone.