Suti ya kwanza ya mabawa: mkono wako unafika wapi?

Habari zenu watu wangu, karibuni tena. Leo ni ile video mliyoiomba sana kwenye maoni: ukianza kuruka na suti ya mabawa, ile yenye kitambaa kati ya mikono na mwili na kati ya miguu ili uteleze hewani kabla ya kufungua parachuti, ununue ipi? Hii hapa mezani ni Swift ya kampuni ya Squirrel, na naipenda, nasema mapema ili mwenye haraka apate jibu lake. Ila usiondoke, maana sababu ya kuipenda siyo unayoidhania.

Aina za vitambaa, matundu ya kuingizia hewa, hayo yote yako kwenye tovuti ya kampuni, sitayasoma. Na mnajua tayari kwamba bila miruko 200 ya parachuti hakuna mwalimu wa maana atakayekuvalisha kitu hiki. USPA, chama cha warukaji wa parachuti cha Marekani, wanasema 200. Uingereza wanataka hizo 200 ziwe ndani ya miezi 18 iliyopita, la sivyo uwe na 500. Kama uko Diani una miruko 60, tazama, jifunze, weka akiba.

Sasa angalieni hapa. Nimevaa begi la parachuti, suti imefunika mikanda yake, begi lenyewe liko nje mgongoni. Ile parachuti ndogo unayoitupa kwa mkono ili ivute kubwa, kishikio chake kiko huku nyuma, chini kabisa ya begi, upande wa kulia. Tazama mkono wangu. Nakunja bawa, narudisha mkono nyuma... nimekishika. Sijageuza shingo, sijapinda mgongo. Narudia polepole. Mikono yote miwili inarudi pamoja, na miguu nimeifunga. Ukirudisha wa kulia peke yake, bawa la kushoto linabaki linafanya kazi, mwili unageuka, na parachuti inafunguka kamba zimesokotana. Pamoja, hivi. Tena hivi.

Haya, navua. Hii nyingine ni kubwa, ya mtu mzoefu, nimeiazima. Bawa la mkono linashuka hadi karibu na goti. Narudisha mkono... mnaona nilichoshika? Kitambaa. Nasukuma, natafuta... kitambaa tena! Na hapa nimesimama sebuleni, bawa halina hewa. Kule juu limejaa upepo, limekakamaa kama godoro jipya, na mita zinakwisha. Hii ndiyo suti ambayo vijana wananiandikia wanaitaka iwe ya kwanza, kwa sababu wameona video za watu wanaopita kando ya miamba ya Uswisi. Jamani, wale wamevaa suti za milimani kama Aura, na wana miaka mingi hewani. Kuna chaneli zinazowaambia "nunua kubwa, utakua ndani yake." Mimi linanikera sana hilo. Kiatu cha mtoto sawa, hii hapana.

Tena kukishika kishikio ni nusu ya kazi. Bawa likiwa wazi, mgongoni kwako hewa inazubaa. Ukitupa parachuti ndogo kinyonge, inachezacheza pale pale juu ya mgongo bila kuvuta kitu. Ndiyo maana wenye mabawa wanatumia kamba ndefu zaidi kwenye parachuti ndogo, na parachuti kuu tulivu ya seli saba, yaani vyumba saba vya hewa, isiyo ndogo. Kabla hujatuma pesa ya suti, mwonyeshe mwalimu parachuti yako. Patrick de Gayardon, aliyefungua njia ya suti hizi za kisasa, alifariki Hawaii mwaka 1998, na shida ilitokana na marekebisho aliyoyafanya kwenye begi la parachuti. Mabawa yenyewe hayakuwa na kosa.

Baada ya hapo ndipo Jari Kuosma na Robert Pečnik wakaanzisha kampuni ya BirdMan, suti zikaanza kuuzwa kwa watu wa kawaida. Pečnik baadaye akaunda kampuni ya Phoenix-Fly, na Shadow yao ni mpinzani halisi wa hii Swift. Bawa lake ni dogo, na mkono unarudi nyuma bila tabu. Ukinibana sana, kwa mruko wako wa kwanza kabisa ningechagua udogo wa Shadow. Ndiyo, nimeanza na Swift, lakini Swift inang'ara ukishazoea kidogo.

Mambo mawili haraka. Mikanda ya mapaja: ukishavaa suti huioni, imefunikwa. Funga kabla ya zipu, kisha kabla ya kupanda ndege inua mabega uisikie ikikaza. Kila mara. Na kile kifaa cha kufungua parachuti ya akiba chenyewe, mfano Cypres Expert, kinangoja mtu aanguke kwa kasi ya mita 35 kwa sekunde. Ukiwa na mabawa wazi unashuka taratibu kuliko hapo, kwa hiyo kinaweza kukaa kimya. Mkono wako ndio tegemeo.

Bei sasa. Mpya zinavuka dola 1,000, bado usafiri na ushuru. Ndiyo maana nazidi kuona heri uanze na suti ya mwalimu siku ya kozi, halafu utafute iliyotumika. Suti hizi hushonwa kwa vipimo vya mtu, kwa hiyo mwombe muuzaji vipimo vyake: urefu, kifua, mkono, mguu. Mkitofautiana sana, achana nayo hata akikupunguzia nusu.

Jumamosi usiku niko mubashara na mwalimu wa mabawa, tutaongea namna ya kutoka kwenye ndege mabawa yakiwa yamefungwa ili usigonge mkia. Andika swali lako hapo chini, taja urefu wako na ukubwa wa parachuti yako, tutakujibu kwa jina.