Skuti ya parokia ao programu ya Bamormoni? Kwetu ku nyumba tuko na yote mbili, njo vile ninaona

Bazazi benzangu ba Lubumbashi, tangu vakansi ianze kukaribia kila muntu ananiuliza ileile maulizo, papa, batoto bako unabatumaka wapi siku ya posho? Ni juu banaonaka ku mulango yangu kunatoka bijana babili saa munane, mumoja na fulari ku shingo, mwengine na shemizi nyeupe na kitabu kidogo mu mukono, na kila mumoja anashika njia yake. Wa fulari ni mutoto wangu, iko na miaka 13, iko mu skuti ya parokia moja hapa Katuba. Wa shemizi ni mwipwa, mutoto wa dada, iko na 14, papa yake (mulamu wangu) ni Mormoni wa kweli kweli, njo bale ba Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, alibatizwa 2009, na vile mutoto anaikala kwetu juu ya masomo nilikubali aendelee na kanisa yake. Basi mimi njo muzazi mwenye kulipa huku na kuangalia kule, naona niko na haki ya kutoa nyota.

Nianze na skuti. Feza kwanza, juu njo mutaniuliza. Mwaka ya kwanza ilinikula kama dola 35: iniforme, fulari, kofia, mchango ya mwaka. Kisha kambi, dola 15 ingine na kilo 3 za bunga. Haiko feza ya kuua muntu lakini haiko ya muzaha, na wakati yenyewe minerval (feza ya masomo) ilikuwa inaningojea. Ile shemizi ya kaki fundi mumoja wa ku soko alishona, mukono moja murefu kuliko mwengine, nikarudisha mara mbili, mara ya tatu nikaacha, mutoto anakunjaka tu mikono.

Kambi yenyewe ilikuwa upande wa Kipopo, mwezi wa saba, na munajua baridi ya mwezi wa saba ya huku kwetu, saa kumi ya usiku hata imbwa inalia. Camion yenye balilipia haikufika, batoto balingoja ku lupango ya parokia tangu asubui mpaka saa kenda, shefu anapiga telefone tu, mwisho balipanda taksibisi mbili benye kubanwa sawa ndagala. Nilikasirika, sitabafichia. Ile siku ningekuwa na nafasi ya kuandika ningetoa nyota moja.

Lakini mutoto alirudia kisha siku nne na kiatu moja, mingine ilibakia mu matope, na asubui yenye kufuata namusikia saa kumi na moja iko nasukula sahani yake. Hakuna mwenye alimutuma. Mama yake alikuja kuniamusha nikaone. Alituelezea vile balipika bukari (ugali) mu kundi yabo, bote munane, ikatoka mubichi mu kati, bakakula vile vile juu hakukuwa ingine, na kesho yake kundi lote lilikuwa linajua nani anaweka bunga, nani anatafuta kuni, nani anakamata mwiko. Ile kitu mimi kama papa nilikuwa nahubiri miaka, haikuingia. Bukari mubichi moja iliiingiza.

Kitu moja ya kuchekesha. Baskuti banasalimianaka na mukono wa kushoto, inatoka kwa Baden-Powell, muzungu wa Uingereza mwenye alianzisha ile mambo 1907 na bijana kama 20 ku kisiwa cha Brownsea. Sawa. Mutoto wangu anafika kwa nkambo, anamunyooshea kushoto na kifua mbele, tayari daima! Nkambo akamwangalia, akaniangalia miye, akauliza kama kule ku kambi balimufundisha matusi. Tuliomba musamaha na kuku.

Sasa upande wa Bamormoni. Hapa inafaa nielezee kidogo juu bantu mingi banasema "aa, nabo bako na skuti yabo". Hapana. Balikuwa nayo, kule Marekani, na haikuwa kidogo. Kanisa yabo iliingia mu skuti ya Marekani 1913, miaka tatu tu kisha ile skuti kuzaliwa, ikakuwa kanisa ya kwanza kuisimamia rasmi. Kwabo kijana mwanaume akifika umri anaingia skuti, ni vile, hakuna kuuliza. Ilifika wakati mu skuti ya Marekani karibu mutoto mumoja juu ya batano alikuwa Mormoni.

Kisha mambo ikaanza kubadilika. 2013 skuti ya Marekani ilikubali bijana benye kusema wazi bako mashoga, 2015 ikakubali na bashefu, na ku ile ya pili Bamormoni walisema hawakufurahi, lakini balibakia. 2017 balisema bijana ba miaka 14 mpaka 18 batatoka mu programu za skuti za bijana bakubwa. Mwezi wa tano 2018 balitangaza tunaacha yote, na siku ya mwisho ikakuwa 31 desemba 2019. Miaka 106. Hata ndoa ya nkambo na babu haikufika pale.

Bantu babisha sana juu ya sababu. Wengine banasema ni mambo ya mashoga, wengine ni juu skuti ilifungulia batoto banamuke mulango. Kanisa yenyewe ilisema kitu ingine: bamemba bake zaidi ya nusu banaikala inje ya Marekani, skuti haiwezi kufika kwa bote, banataka programu moja ya dunia muzima. Mulamu wangu anasemaka ile maneno na kiburi: "Shemeji, baliacha skuti juu yetu siye." Mwanzoni nilicheka. Lakini fikiri kidogo, iko na ukweli ndani yake. Yeye tangu abatizwe hajaonaka mutoto hata mumoja wa kata yake (kundi yake ya kanisa) na fulari. Ile miaka yote kijana wa Utah, kule Marekani, alikuwa na kambi, kamba, medali, na kijana wa Lubumbashi wa kanisa ileile alikuwa na kiti na nyimbo.

Basi ile programu mupya ilianza januari 2020 (na mwezi wa tatu korona ikafunga makanisa, bahati ya mbaya), na leo mwipwa wangu njo anaifuata. Inatembea hivi: mutoto mwenyewe anachagua anataka kukomaa wapi, kiroho, mu mwili, mu akili, na mu maisha na bantu. Anaandika lengo, anajaribu, anaandika ilifika wapi. Inaanza mwaka mutoto anafikisha miaka 8 na inaenda mpaka 18. Banamuke na banaume, programu ni ileile, na hapa naipa nyota yake bila kusita juu mu ile enzi ya skuti kwabo banaume njo balikuwa nakula sehemu mukubwa ya feza. Na bei? Zero. Hakuna iniforme, hakuna fundi wa mikono miwili tofauti.

Mwipwa aliandika atajifunza kutengeneza kinga. Eeh, kinga, bisikleti. Alienda mwenyewe kwa fundi mumoja wa barabara ya kwenda Kenya (ile komini ya hapa Lubumbashi, haiko inchi), akaomba aikale pale kisha masomo, miezi miwili. Leo ya kwangu njo yeye anatengeneza, na ya majirani, na anaanza kuitisha feza. Nilistaajabu kabisa.

Lakini nitasema kitu yenye haitamufurahisha mulamu. Ile programu inafaa mutoto mwenye moto yake mwenyewe. Mwipwa iko nayo. Mutoto wangu hana, nikimupatia kitabu kidogo cha kuandika malengo ataandika "kukula vizuri" na atalala. Yeye anaamuka juu kuko benzake saba bako namungoja na sufuria. Skuti inakukokota, ile ingine inakuomba ujikokote. Na inaomba tena muzazi aikale chini na mutoto aulize, lengo yako imefika wapi, na mimi narudiaka saa mbili ya usiku na mavumbi mu masikio, nitasema uongo nikisema naulizaka kila juma. Pori nayo imepotea kidogo. Wanaweza kwenda kambi, haijakatazwa, lakini haiko tena moyo wa programu.

Kitu ya mwisho na hii naisema bila muchezo. Skuti ya Marekani iliomba ulinzi wa kufilisika februari 2020 juu ya mashitaka ya bantu benye balitendewa mabaya ya mwili wakiwa batoto, na walioleta malalamiko walipita 80,000. Haiko ya huku, lakini ukisha kusoma ile unaangalia kila shefu na macho ingine. Bamormoni bako na sheria, mukubwa haikali peke na darasa ya batoto, lazima babili. Nilienda kwa shefu wetu wa skuti, kijana muzuri, nikamuuliza mu kambi bakubwa balikuwa bangapi, usiku nani analala wapi. Hakukasirika. Alinionyesha liste. Muzazi, ulize, usione haya, na kama shefu anakasirika umushike mutoto mukono murudie ku nyumba.

Nyota: skuti ya parokia 4 juu ya 5, ile moja camion ilienda nayo. Programu ya Bamormoni 4 pia kwa mwipwa, kwa mutoto wangu ingekuwa 2.

Shida yangu sasa ni kadogo ketu, mwanamuke, anafika miaka 8 mwaka hii. Mulamu ameshaanza kuleta bitabu bya kanisa yake, nkambo anasema popote isipokuwa kwa bale ba kushoto. Kama mu Ruashi ao Kampemba munajua kundi ya baguide (skuti ya batoto banamuke) yenye kufanya kazi ya kweli, haiko ya kuimba tu siku ya misa, muniandikie bei na saa banakutana.