Taya limevunjika: kufunga waya au kuweka pleti?

Aliyeanguka na bodaboda akavunjika taya la chini hukutana na swali hilohilo, na ndugu wodini kila mmoja ana jibu lake.

Kwa gharama, waya unashinda bila ubishi. Meno ya juu hufungwa pamoja na ya chini, mara nyingi kwa ganzi tu, bila kupasua. Pleti, yaani vibamba vya titaniamu vinavyokazwa kwenye mfupa kwa skrubu, ni ghali, tena zinataka chumba cha upasuaji, nusukaputi na daktari aliyezizoea.

Shida ya waya ni maisha ya baada ya hapo. Kinywa hakifunguki kwa wiki 4 hadi 6: uji mwepesi, maziwa, supu iliyosagwa, vyote kwa mrija. Wengi hukonda. Mswaki haufiki upande wa ndani, na unatembea na mkasi wa kukatia waya mfukoni, maana ukitapika unaweza kupaliwa. Ndiyo sababu mwenye kifafa huwa hafai kufungwa hivyo. Waya ukitoka, taya limekakamaa, linadai mazoezi.

Pleti hukuruhusu kufungua kinywa mapema, ingawa nyama choma isubiri kwanza. Ila ikiota usaha huenda ikabidi itolewe, na mshipa wa fahamu ukiguswa, mdomo wa chini hufa ganzi.

Mfupa haujasogea na meno ya kushikia yapo? Waya unatosha. Umehama sana, au riziki yako ni kuongea? Jichangeni mtafute pleti. Kuvunjika karibu na sikio ni kesi nyingine. Hapo hata mabingwa hawajakubaliana.