Plasta au matone ya atropini kwa jicho vivu: uzoefu wangu

Nimetumia vyote viwili kwa mtoto mwenye jicho vivu, yaani jicho linaloona hafifu kwa sababu ubongo hutegemea zaidi lile lingine. Plasta huziba jicho lenye nguvu, atropini hulitia ukungu, ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Kwangu plasta inaanza, matone yanafuata. Si kwamba plasta ina nguvu zaidi. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, wenye watoto 419 wa chini ya miaka 7, ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 waliozibwa jicho na waliotiwa atropini walipanda karibu sawa, takriban mistari 3 ya chati ya kupimia macho. Ila plasta ukiibandua, imekwisha. Tone likishaingia halitoki.

Kama mtoto ameandikiwa miwani, aivae kwanza wiki kadhaa. Wapo wanaopona kwa miwani tu.

Plasta hubandikwa kwenye ngozi, juu ya jicho lenye nguvu, kisha miwani juu yake. Ile ya kitambaa ya kuvishwa kwenye kioo siipendekezi: mtoto huchungulia pembeni na siku nzima imepotea. Kwa udhaifu wa wastani, saa 2 kwa siku zinatosha kuanzia. Ukiwa mkubwa, saa 6. Kwenye joto, jasho hulegeza gundi, kwa hiyo kausha uso vizuri kabla ya kubandika. Wakati wa kubandua, lowesha kingo kwa maji ya vuguvugu, usivute kavu. Mpe mtoto kazi ya mikono anayoipenda, vidole visipate nafasi ya kwenda usoni.

Akikataa plasta kabisa, hapo atropini ya asilimia 1 inaokoa. Tone moja kwenye jicho lenye nguvu, na kwa udhaifu wa wastani Jumamosi na Jumapili tu zimeonekana kufaa sawa na kila siku. Bonyeza kona ya jicho karibu na pua dakika 1 hadi 2, dawa isiteremke puani na kuingia kwenye damu. Futa iliyomwagika, nawa mikono, ficha chupa: ikinywewa ni sumu. Mboni hubaki wazi hata wiki moja au mbili baada ya kuacha, na jua humuumiza, basi kofia yenye ukingo ni lazima. Uso ukiwa mwekundu, akapata homa na moyo kwenda mbio, acha dawa, mpeleke hospitali mara moja. Akijigonga kichwa, mtajie daktari hiyo atropini, maana mboni iliyotanuka inaweza kudhaniwa ni jeraha la ubongo.

Soma lebo dukani. Atropini ya asilimia 0.01 hutumika kupunguza kasi ya kutoona mbali. Haitoi ukungu wa kutosha kulilazimisha jicho vivu lifanye kazi. Na kama jicho lenye nguvu lenyewe halioni mbali, matone hayasaidii sana: mtoto atavua miwani na kusoma karibu kwa jicho hilohilo.

Kumaliza nako kuna utaratibu. Takriban robo ya watoto hurudi nyuma ndani ya mwaka baada ya kuacha. Aliyekuwa akizibwa saa 6 ashushwe kwanza hadi saa 2, na kila kliniki yapimwe macho yote mawili, kwa sababu hata lile lililozibwa linaweza kudhoofika.