Uzoefu wangu: sasisho la "kupunguza RAM" lililonimalizia bando

Natengeneza programu ndogo ya kufundishia watoto silabi. Haihitaji intaneti: mtoto akigusa "ba", inatamka, kwa sababu sauti zote zimo ndani ya programu yenyewe. Kazi ya kugeuza rekodi kuwa msimbo wa C (lugha ya kuandikia programu) hufanywa na zana moja huria ambayo nimeitumia mwaka mzima.

Shida ni ukubwa. Baiti moja ikiandikwa 0x4f, pamoja na mkato na nafasi yake, inakula herufi sita. Rekodi ya MB 20 inakuwa faili la C la zaidi ya MB 120, na kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa kitu kinachoendeshwa na kompyuta) hulisoma namba kwa namba, kila namba ikitengewa mahali pake kwenye RAM. Ninayo mafaili manne ya aina hiyo. Nikiendesha make -j4 (amri ya kujenga mafaili manne kwa mpigo) kwenye laptopu yangu yenye RAM ya GB 4, skrini inaganda, kipanya kinagoma, kisha linatokea neno moja: Killed. RAM imekwisha, Linux imeiua kompaila. Nilipopima RAM kwa amri ya /usr/bin/time -v, faili moja tu lilivuka GB 1. Kwa make -j1, yaani faili moja moja, kazi inaisha, lakini unaweza kwenda kupika ukarudi.

Basi likatoka toleo jipya la zana. Maelezo yake yalikuwa mstari mmoja: matumizi ya kumbukumbu yamepunguzwa sana. Nilifurahi mno. Nikanunua bando, nikapakua, nikaendesha. Killed. Nikafuta kila kitu, nikajenga upya. Killed tena. Siku mbili nzima nilidhani kosa ni langu.

Jibu nililikuta ndani ya msimbo wa zana. Watunzaji wamehamia kwenye #embed, agizo la C23 (kanuni mpya za lugha ya C) linaloiambia kompaila ilichukue faili lilivyo, bila kuandika namba hata moja. Ni dawa ya kweli, na nawapongeza kwa moyo wote. Ila GCC, kompaila ninayoitumia, inaielewa #embed kuanzia toleo la 15, lililotoka Aprili 2025, na Ubuntu 24.04 (aina ya Linux) niliyonayo inakuja na GCC 13. Msimbo unauliza kwa __has_embed kama #embed ipo, unakuta haipo, unarudi njia ya zamani kimyakimya. "Inahitaji GCC 15 au Clang 19" (Clang ni kompaila nyingine): maneno hayo tu yangeniokolea siku mbili na hela ya bando.

Watengenezaji wa GCC wenyewe huandika tofauti kabisa. Kila toleo kubwa lina ukurasa wa mabadiliko na mwingine wa kukusaidia kuhamia. Wa toleo la 15 unaeleza wazi kwamba sasa C hujengwa kwa kanuni za C23 usipochagua nyingine, na ni msimbo gani wa zamani utakaokataa. Kwenye orodha yao ya hitilafu, tatizo la RAM lina alama yake, memory-hog, na kitu kilichoharibika baada ya kuwa kizima huandikiwa matoleo yaliyoathirika. Mwenye mashine dhaifu anajua hali yake kabla hajapakua chochote.

Kwa sasa nimepitia .incbin, agizo la asembla (programu inayopokea kazi baada ya kompaila), ambalo hulimeza faili zima bila kulichambua. Hata GCC 13 inatosha, na make -j4 haigandishi tena skrini. Zana naipa nyota tatu kati ya tano. Nimewaandikia watunzaji sentensi ile ya kuongeza, tayari kunakiliwa.